Barabara za ndani ya mtaa wetu: tufanye nini ili zihudumiwe na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini)?

Mkazi wa Nzuguni
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaishi Nzuguni, Dodoma, katika nyumba arobaini na mbili zilizojengwa na kampuni binafsi ambayo, baada ya kuuza nyumba ya mwisho, haikuonekana tena. Barabara za ndani ni za changarawe, zina geti moja, na kila masika tunachangishana fedha za greda na za kuzibua makaravati. Tulipouliza ofisini tuliambiwa kwamba barabara hizo hazimo kwenye orodha ya barabara za umma. Je, utaratibu wa kuziingiza humo ni upi?

Mpimaji Mstaafu
Ndugu, kabla ya kuandika barua yoyote, tafuteni mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa pamoja na ramani ya upimaji ya eneo lenu. Kama eneo lilipimwa enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, kumbukumbu zake zilihamia halmashauri, kwa hiyo anzieni idara ya ardhi ya Jiji.

Mnachotafuta ni kimoja tu: je, njia hizo zimechorwa kama barabara zilizo nje ya mipaka ya viwanja, au kampuni ilipewa kiwanja kimoja kikubwa chenye hati moja, kisha ikajenga barabara humo ndani kama mtu anavyojenga njia ya kwenda bandani kwake? Ikiwa ni hali ya kwanza, ardhi ni ya umma tayari na mnachoomba ni huduma tu. Ikiwa ni ya pili, hakuna mhandisi atakayepeleka fedha za serikali ndani ya hati ya mtu, hata mkimwandikia mara kumi. Itabidi mwenye hati akubali mchoro urekebishwe, kiwanja kigawanywe na barabara zipimwe upya. Aidha, kama mlipewa hati chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, barabara hizo ni mali yenu ya pamoja, na mtahitaji ridhaa ya wamiliki wenzenu.

Mama wa Iyumbu
Naunga mkono maelezo ya mzee wetu. Sisi tulianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, tukafanya mkutano, na muhtasari wenye sahihi za wakazi ukapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kisha kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Kilichotuchelewesha ni geti. Majirani wawili hawakutaka liondolewe kwa sababu ya wezi, lakini huwezi kuomba barabara iwe ya umma huku mlinzi akimuuliza kila mpita njia anakwenda kwa nani.

Mhandisi wa Barabara
Naongeza jambo moja, nalo linawaudhi wengi. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wala si halmashauri yenyewe. Kuingizwa kwenye orodha hakumaanishi kuwekewa lami mwaka unaofuata, kwa kuwa fedha za matengenezo hutoka hasa kwenye tozo ya mafuta, na barabara yenu itapangwa foleni na nyingine nyingi. Nawashauri mtengeneze mitaro kwanza. Mvua za Dodoma hunyesha kwa miezi michache tu, kati ya Desemba na Aprili, lakini zikishuka kwa kishindo juu ya udongo uliokauka, maji yasiyo na njia hugeuza barabara kuwa korongo kwa usiku mmoja. Barabara yenye mitaro na upana unaolingana na mchoro haimpi mkaguzi sababu ya kuirudisha.

Mkazi wa Nzuguni
Ahsanteni sana. Leo nimeiona ramani. Barabara tatu zimo kama njia za umma, ila kipande cha getini, kama mita themanini hivi, kimo ndani ya kiwanja ambacho bado kina jina la kampuni. Jumamosi tutakutana kujadili namna ya kumtafuta mkurugenzi wake.

Mpimaji Mstaafu
Ombeni upekuzi rasmi wa hati hiyo kwa Msajili wa Hati kwanza. Huenda imewekwa rehani benki, na hapo sahihi ya mkurugenzi peke yake haitawatosha.