Mrejesho: rangi ya maganda ya vitunguu imeshika

Mwezi jana niliwauliza kwa nini marikani yangu, niliyoitia rangi kwa maganda ya vitunguu, ilipauka mara ya kwanza tu kufuliwa. Asanteni sana, hasa dada wa Kakamega aliyesema kosa haliko kwenye maganda bali kwenye kitambaa: kilikuwa bado na wanga wa kiwandani, tena sikukitia shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi.

Safari hii nilikichemsha kwanza kwa magadi, saa nzima. Maji yakatoka ya kahawia, na mimi nilidhani kitambaa ni safi! Kisha nikakilaza usiku kucha kwenye chai ya rangi nzito, maana pamba, tofauti na sufu, haishiki shabu vizuri bila tanini, ile iliyomo kwenye chai. Kesho yake shabu, gramu 60 kwa kitambaa cha gramu 400. Maganda nilipewa bure na akina mama wa soko la Kibuye, Kisumu, gunia zima.

Mafundo ya shibori (mtindo wa Kijapani wa kufunga kitambaa ili rangi isiingie kila mahali) niliyafunga kwa uzi wa nailoni, kokoto moja ndani ya kila fundo. Nilipofungua baada ya kukitia kwenye rangi ya maganda, kila kokoto ilikuwa imeacha duara jeupe lenye miale ya rangi ya machungwa pembeni. Nimekifua mara 4, rangi ipo. Jioni ile nilikitazama kwenye kamba mpaka giza likaingia.

Kipande kimoja nilikichovya kwenye maji ya misumari yenye kutu, kikageuka kijani kilichokolea, karibu cheusi. Karatasi niliyoikunja na kujaribu kuitia rangi ndiyo bado: ilichanika kwenye mikunjo nilipoikunjua ikiwa imelowa. Jumamosi narudia, nitaiacha ikauke kidogo kwanza.