Naomba ushauri: nizuie vipi mota ya pikapu ya umeme isizunguke kupita kiasi?

Mkaazi wa Barani (Malindi)

Assalamu alaikum, wenzangu. Niliitoa injini ya petroli katika pikapu yangu kuukuu na kuweka mota ya DC (ya umeme usiogeuka mwelekeo, kama wa betri) iliyotoka kwenye foklifti iliyotupwa. Kibao chake kinasoma volti 48, lakini mimi naiendesha kwa betri nane za volti 12, yaani volti 96. Gia boksi na klachi nimeviacha kama vilivyokuwa, na gari hufika Gede na kurudi bila taabu.

Wiki iliyopita mbuzi walikatiza barabara ghafla. Nilikanyaga klachi kwa mazoea ya miaka mingi, na mguu wa kulia ukachelewa kutoka kwenye pedeli ya mafuta (bado naiita hivyo ingawa mafuta yenyewe hayapo). Mota ilitoa mlio uliopanda kama filimbi kwa muda wa sekunde moja hivi, kisha ikanijia harufu ya kaboni iliyoungua. Nilipofungua kifuniko cha brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) nyumbani, nilikuta vumbi jeusi limetapakaa, brashi moja imemeguka pembe, na komyuteta, yaani pete ya vipande vya shaba inayosuguana na brashi, ina mikwaruzo ninayoweza kuihisi kwa ukucha.

Je, niweke swichi kwenye klachi, niweke kifaa cha kuhesabu mizunguko, au niing'oe klachi kabisa? Kontrola yangu (kifaa kinachopimia mota umeme kufuatana na pedeli) haina mahali pa kuunganishia kipima mizunguko.

Fundi Koili

Wa alaikumu salaam, na pole, ndugu. Mota za foklifti za zamani kwa kawaida ni zile ambazo mkondo uleule wa umeme hupita kwenye koili za fremu isiyozunguka kisha kwenye koili za amecha, yaani sehemu inayozunguka. Mzigo ukiondoka, mkondo hupungua. Mkondo ukipungua, usumaku wa fremu nao hudhoofika. Na usumaku ukidhoofika, mota hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ndipo izalishe volti ya kuukabili umeme wa betri. Kwa hiyo hujikimbiza yenyewe, na haina mahali pa kutulia mpaka msuguano uizuie au ivunjike. Nguvu inayovuta vipande vya shaba kutoka kwenye amecha huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo mota ikipanda kutoka mizunguko 2,000 kwa dakika hadi 6,000, nguvu hiyo huwa mara tisa. Hapo vipande vya komyuteta huinuka na brashi huanza kurukaruka juu yake, na huenda ndivyo yako ilivyomeguka.

Usiliendeshe tena mpaka komyuteta ikerezwe, mika (kihami umeme) iliyo baina ya vipande ichimbuliwe, na brashi zote zibadilishwe. Ukitaka kuijaribu mota nje ya gari, ifunge kwa bolti kwenye meza nzito na utumie betri moja tu ya volti 12.

Kuhusu swali lako, anza na swichi ya klachi. Iunganishe kwenye waya mwembamba unaoiruhusu kontrola kufanya kazi, na iwe ya aina inayopitisha umeme klachi ikiwa juu na kuukata mara tu inapoanza kukanyagwa. Chumvi ya hapa kwetu hula viungo vya waya upesi. Kwa mpangilio huo, waya ukiliwa gari litasimama, na halitaendelea kwenda bila ulinzi huku wewe ukidhani unao.

Nahodha wa Amu

Mimi sina gari, kwani kwetu Amu (Lamu) mjini ni punda na mashua, lakini maradhi hayo tunayajua. Mashua yangu ina mota ya umeme, na bahari ikichafuka tezi, yaani nyuma ya mashua, huinuka, pangaboi huchomoka majini, na mota hubaki bila mzigo vilevile kama gari lililokanyagwa klachi. Nilipoanza, nilifunga kifaa cha kukata kontakta kubwa (swichi ya umeme mkuu wa betri) kila kasi ilipozidi. Umeme wa DC haukatiki kwa hiari. Huruka cheche ndefu, na baada ya miezi michache kontakta ilishikana ikawa haifunguki hata ukiigonga kwa nyundo. Tangu hapo nakata amri ya kontrola kwanza, na kontakta nimeiachia kazi ya dharura.

Mkaazi wa Barani

Nashukuru sana. Je, sumaku ndogo kwenye mkia wa mota (ncha ya nyuma inayozunguka), pamoja na kihisi cha kuhesabu mizunguko na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kukata waya huo mwembamba, zitatosha kuwa kinga ya pili?

Mwalimu wa Gia

Zitafaa, ila weka sumaku mbili zinazokabiliana ili mkia usiyumbe, na upange kifaa kikate kwenye mizunguko 4,000 na kiruhusu tena ikishuka hadi 3,500, la sivyo gari litakwenda kwa kushtuka-shtuka. Kumbuka pia kwamba kihisi kilichokatika waya hutoa taarifa ileile ya mota iliyosimama. Kifaa kitadhani pana utulivu wakati mota inapiga filimbi, na ndiyo maana swichi ya klachi lazima ibaki.

Lakini kuna mlango mwingine ambao hakuna aliyeutaja. Gurudumu lako lina mzingo wa mita ngapi, na uwiano wa gia ni upi?

Mkaazi wa Barani

Nimepima kwa utepe: mita 1.8. Difu (gia za ekseli ya magurudumu) ni 4.1. Gia ya kwanza ni 3.6, ya pili 2, na ya nne ni moja kwa moja.

Mwalimu wa Gia

Basi tuhesabu. Kwa kilomita 60 kwa saa gari hukata mita 1,000 kwa dakika, na gurudumu huzunguka kama mara 556. Kwenye gia ya nne mota iko karibu 2,280, nayo ni raha. Kwenye ya pili iko karibu 4,560, na kwenye ya kwanza hufika 8,200. Ukikosea na kuingiza gia ya kwanza kwa mwendo huo kisha ukaachia klachi, ni magurudumu yanayoizungusha mota, wala si betri, na hakuna swichi wala kihisi kitakachoiokoa. Mota hii ina nguvu ya kutosha kuondoka kwa gia ya pili, kwa hiyo mwambie fundi aweke kipande cha chuma kinachozuia mkono wa gia usiingie ya kwanza.

Fundi Koili

Naafiki, na naongeza jambo la usalama wa roho. Kontrola ikiungua huweza kubaki imefunguka yote, gari likavuta hata ukiondoa mguu. Kwenye gari la petroli ungekanyaga klachi. Hapa klachi ndiyo itakayoipasua mota karibu na miguu yako. Kanyaga breki, kata kontakta, na uwe na swichi kubwa ya mkono karibu na kiti, hata kama kontakta itaungua siku hiyo.

Mkaazi wa Barani

Hilo limenipa jibu. Mguu wangu hautaacha mazoea ya miaka ishirini, basi pedeli ya klachi naing'oa, na gari litabaki gia ya tatu kwa safari za mjini. Gia nitabadilisha nikiwa nimesimama. Kihisi naweka vilevile, maana shafti ya kuendea magurudumu ikikatika mota itabaki bila mzigo hata bila klachi. Komyuteta iko kwa mkerezaji tangu jana. Amenionyesha vipande viwili vilivyoinuka unene wa karatasi.