Hadithi fupi ya mizimu kuwa filamu: niipanue au niiache ilivyo?

Binti_Mwakaleli: Wakuu habari za jioni. Nina hadithi fupi, binti anatumwa maji usiku, ziwa linamuita kwa sauti ya marehemu mama yake. Basi. Mwenzangu anataka tuongeze ufalme, vita na mchawi ifike saa moja na nusu, mimi naona dakika ishirini zinatosha. Script tunaanza wiki ijayo, nishaurini.

Uyole_Mixa: Hadithi ni ya nani? Bajeti? Inaenda YouTube au tamasha? Bila hayo tunabahatisha.

Soweto_1: Fupi haiuzi, panua. The Hobbit ni kitabu kimoja cha 1937, mwongozaji Peter Jackson kakitolea filamu tatu, 2012 mpaka 2014.

Kyela_Mpunga: Na ndo alipoharibu. Mhusika Tauriel hayumo kabisa kitabuni, Legolas naye hayumo kwenye kitabu hicho, wameingizwa kujaza muda.

Soweto_1: Vita vipo kitabuni mkuu.

Kyela_Mpunga: Vipo, ila mhusika mkuu Bilbo anapigwa jiwe anazimia, kurasa chache vimeisha. Filamu ya tatu imejaa vita.

Mama Igawilo: Mwanangu ngoja nikwambie. Nilikuwa upande wa mavazi kwenye filamu moja hapahapa Mbeya, bibi na mjukuu wake na chungu kinachoongea, hadithi tamu kweli. Produsa akataka jeshi. Tukashona kaniki za vijana wote wale, siku ya vita ukungu ukashuka kamera haioni hata mkuki, vijana wanadai posho na nauli, hela ya sauti yote ikaishia kwenye wali. Chungu kikabaki na sini mbili, sauti yake imerekodiwa kwa simu, bodaboda inasikika nyuma. Na yule bibi alikuwa anajua kuigiza, mpaka leo naumia. Panua huyo binti, achana na jeshi. Mama yake alikufaje? Nani anamtuma usiku na kwa nini yeye?

Binti_Mwakaleli: Asante sana mama, hilo la nani anamtuma sikuliwaza. Hadithi kanisimulia bibi yangu. Hela ndogo, kamera ya kukodi. Tunashuti ziwa Ngosi, hapa Mbeya.

Uyole_Mixa: Ndogo shilingi ngapi dada?

Kyela_Mpunga: Ngosi mnapanda msituni na vyombo begani, halafu kushuka mpaka kwenye maji ni mteremko mkali. Nendeni ziwa Kisiba kule Masoko, gari linafika.

Soweto_1: Kisiba hakuna ile hofu ya Ngosi. Bebeni betri za ziada mpande.

Uyole_Mixa: Ule ni msitu wa hifadhi, kibali je? Na cha Bodi ya Filamu?

Mama Igawilo: Na mnashuti mwezi gani? Maana mvua za huko wote tunazijua.