Oman kwa gari na familia: Juni au Disemba?

MtotoWaWete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwakani, Mungu akipenda, nataka kumpeleka mama kwa wadogo zake Muscat, na humo humo tukodi gari tuzunguke: mchanga wa Wahiba, kisha tupande Jebel Akhdar na Jebel Shams. Tutakuwa watu sita. Mama ana miaka 68, kitinda mimba wangu ana minne. Nafasi yetu ni likizo ya skuli, yaani Juni au Disemba. Shemeji kanishikilia twende Juni tuvukie Julai, ati nchi yote ni kijani. Mimi kijani ninacho hapa Pemba mwaka mzima, nataka kuona nchi kavu. Aliyewahi kwenda anisaidie.

BintiNgambo
Waalaykumu salaam. Shemeji yako anaisema Salalah, mji wa kusini mwa Oman, siko huko unakotaka wewe. Sisi tulikwenda Agosti: ukungu, manyunyu tangu asubuhi, ngamia wanakula majani mabichi kama ng'ombe wa Donge. Nilipapenda mno. Lakini kutoka Muscat ni kama kilomita 1,000, na njia nzima katikati ni jangwa. Tulipanda ndege.

DerevaWaChake
Mwanangu wa Wete, nimeendesha gari Oman miaka kumi na minne kabla sijarudi Chake. Usimpeleke mama mchangani Juni.

Kusi hii inayotuletea kipupwe ndiyo hiyo hiyo inayokwenda kupiga milima ya Dhofar, jimbo la Salalah, ikawa ukungu na manyunyu ya Salalah. Mawingu yake yanaishia pale pale milimani. Ukivuka upande wa pili ni jua tu, na Wahiba joto linapita nyuzi 40.

Mwaka mmoja nilichukua familia mwezi huo huo wa Juni. Saa tano asubuhi tukakwama nje kidogo ya Bidiyah, mji wa ukingoni mwa mchanga wa Wahiba. Kosa lilikuwa langu, sikupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani. Nikachimba, nikaliweka koleo chini ninywe maji, nilipolishika tena mpini ulinibabua kiganja. Nageuka, bibi yao kiti cha nyuma amenyamaza, macho yamelegea. Tulimmwagia maji ya kunywa kichwani, akafumbua macho. Mpaka leo nikiona mtu mzima anapandishwa gari la safari ya mchanga miezi ile, roho inaniuma.

Nenda na kaskazi. Wazee wetu waliingia Unguja na upepo huo, na huko kwao ndio wakati wa baridi: katikati ya Novemba hadi Februari. Mchana watoto wanapanda vilima vya mchanga peku, usiku wanataka blanketi. Disemba yako imekaa vizuri.

Mlimani ndio ujihadhari. Saiq, juu ya Jebel Akhdar, ni kama mita 2,000 na Jebel Shams inafika 3,000. Usiku wa Disemba baridi inakaribia kugandisha maji, na hiyo haizuiliki kwa kanga mbili. Lalani Nizwa, mji ulio chini ya milima, pandeni asubuhi, mshuke kabla ya magharibi. Pale Birkat al-Mawz, njia ya Jebel Akhdar inapoanzia kupanda, askari wanakagua, gari isiyovuta kwa magurudumu yote manne hairuhusiwi kupanda. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo, usikalie breki. Zikishapata moto hazishiki tena.

Na mawingu. Mvua za huko ni za ghafla, na miezi ya baridi zinakuja. Ukiona kumefanya weusi mlimani usiingie kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu, hata kama hapo uliposimama jua linawaka. Maji yanatoka mbali. Ukikuta yamekata barabara, zima gari usubiri. Kuvuka ni hatari, na sheria yao inakataza.

BintiNgambo
Shikamoo ami. Na yale mawaridi ya Jebel Akhdar Disemba yapo?

DerevaWaChake
Marahaba mwanangu. Hayapo, yanachanua mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Mei. Wanayachuma alfajiri kabla jua halijayakausha, wanayapika kwenye jiko la udongo, juu wanaweka bakuli la maji baridi. Mvuke ukigusa lile bakuli unageuka matone, yanaangukia chombo cha ndani. Marashi yake yana rangi ya chai na harufu ya moshi, si kama haya meupe ya dukani. Kwa mawaridi peke yake ningesema Aprili, lakini mchangani joto linakuwa limeshaanza, na skuli hazijafungwa. Mama mnunulie chupa sokoni Nizwa.

MtotoWaWete
Ami, Mungu akulipe kheri. Ni Disemba, na shemeji nimeshampigia. Usiku huu nilimsomea mama maneno yako yote. Ameinuka kimya, akafungua sanduku, akatoa sweta la marehemu baba, la enzi alizokuwa akifanya kazi melini. Kifungo kimoja hakipo. Sasa hivi anatafuta uzi.