Mdogo wangu ana miasthenia gravisi, hizi tafiti mpya zina maana gani kwetu huku?

mwanaMoro82

Habarini wakuu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, mwalimu wa sekondari, mwaka jana ilianza kope ya kushoto kushuka kila ikifika jioni, tukasema ni kukesha anasahihisha mitihani. Baadae ikaja sauti, akifundisha vipindi viwili mfululizo anaanza kuongelea puani kama mtu mwenye mafua, na nyama anaitafuna mpaka taya zinagoma, anashika kidevu kwa mkono ndo amalize. Tukaenda kwa daktari wa macho akaandikiwa miwani. Tukaenda kwenye maombi. Shangazi nae akawa na mtu wake Handeni, hilo tuliache.

Hospitali ya tatu ndo daktari mmoja kijana kabisa akaagiza barafu, akaifunga kwenye glavu akamwekea kwenye kope dakika mbili, alipoitoa jicho limefunguka mbele yetu sote. Mama alilia palepale. Damu ikapimwa ikarudi na kingamwili za AChR. Sasa hivi yuko kwenye Mestinon na prednisoloni, uso umemjaa na sukari imeanza kupanda.

Usiku silali nasoma mtandaoni, naona dawa mpya kila mwaka, efgartigimodi, zilukoplani, mara seli za CAR-T, sielewi. Utafiti unaelekea wapi hasa na kipi katika hivyo kinaweza kutufikia? Na wanasema atolewe tezi ya kifuani, anaogopa, harusi ni mwezi wa 12.

dr_kijiweni

Pole mkuu, na huyo daktari wa barafu mpelekeeni soda.

Nianze na ugonjwa wenyewe maana tafiti zote zinatoka hapo. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ufanye kazi unamwaga kemikali inaitwa asetilikolini, kwenye msuli kuna vipokezi vya kuidaka. Kwa mdogo wako mgambo wa mwili wamegeuka wanawakamata wenye nyumba, kingamwili zinavishambulia hivyo vipokezi, ndo hiyo AChR kwenye majibu ya damu. Mestinon haigusi mgambo, inachelewesha tu asetilikolini kuvunjwa ili vipokezi vichache vilivyobaki vipate ya kutosha, ndo maana baada ya masaa matatu manne anarudi kulegea. Hiyo njia ni ya zamani, Dk. Mary Walker aliionyesha London mwaka 1934 akitumia dawa ya jamii hiyohiyo.

Miaka mingi baada ya hapo kilichoongezwa ni kuwapunguza mgambo wote kwa pamoja, prednisoloni, azathioprini. Zinafanya kazi lakini unalipa, uso na sukari umeviona mwenyewe. Utafiti wa miaka hii kumi umegeukia kupiga sehemu moja tu.

Sehemu ya kwanza ni komplimenti, kundi la protini zinazoitwa na kingamwili zije kutoboa utando wa msuli. Ekulizumabu ilipita Marekani 2017, zilukoplani 2023, zote zinazuia hapo. Shida yake ni kwamba komplimenti ndo inatulinda na bakteria wa homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo chanjo lazima kabla ya kuanza.

Sehemu ya pili naipenda zaidi. Kingamwili za aina ya IgG zinakaa kwenye damu kama wiki tatu kwa sababu kuna kipokezi kinaitwa FcRn kinazidaka kabla hazijavunjwa kinazirudisha kwenye mzunguko. Fikiria waokota makopo, kopo likitupwa wao wanalirudisha sokoni. Efgartigimodi inawafungia geti waokota makopo, makopo yote yanaishia dampo, mabaya na mazuri. Jaribio lake lilitoka 2021, watu 167, kwa wenye AChR kama mdogo wako asilimia 68 walipata nafuu ya maana kwenye mzunguko wa kwanza, waliopewa dawa bandia asilimia 30. Na hiyo 30 usiipite haraka, miasthenia gravisi (MG) inapanda na kushuka yenyewe, ndo maana ukisikia mtu kapona kwa majani ya Handeni usishangae sana.

CAR-T bado ni changa. Wanachukua seli zako za kinga, wanazifundisha kuwasaka wanaotengeneza kingamwili, wanazirudisha. Ile ya mRNA, yaani seli zinapewa maagizo ya muda tu, iliyochapishwa 2023 ilikuwa na watu 14 tu, matokeo yanavutia lakini ni 14.

MzeeWaChuma

Dokta umeeleza vizuri ila hujataja bei kwa makusudi. Hizo dawa huko Marekani ni dola laki kadhaa kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mwalimu wa sekondari Morogoro atazinunua na nini? Hapa tunaangalia biriani dirishani.

dr_kijiweni

Mzee umenishika. Ndo nilikuwa nakuja huko, maana kuna tafiti mbili ambazo hazipigiwi kelele kwa kuwa hakuna mwenye kupata utajiri hapo.

Moja ni hiyo ya tezi ya kifuani, thaimasi. Upasuaji ulikuwa unafanyika tangu enzi za Blalock, miaka ya 1930, bila jaribio la uhakika, watu wanabishana tu miaka themanini. Mwaka 2016 ndo likatoka jaribio la MGTX, wagonjwa 126 wenye AChR, nusu prednisoloni peke yake nusu prednisoloni na upasuaji, Cape Town nao walishiriki. Baada ya miaka mitatu waliopasuliwa walikuwa na nguvu zaidi na prednisoloni yao ilishuka, wastani miligramu 44 kila baada ya siku moja, wenzao 60. Na walikuwa watu ambao ugonjwa wao haujafika miaka mitano. Mdogo wako anaingia humo. CT ya kifua anahitaji hata hivyo, maana karibu mmoja kati ya kumi anakuwa na uvimbe kwenye hiyo tezi, na uvimbe ukiwepo mjadala umeisha.

Ya pili ni rituksimabu. Hii ni dawa ya saratani ya matezi, ina nakala zake za bei nafuu, kwenye hospitali za saratani ipo. Waswidi walitoa jaribio 2022, watu 47 wenye ugonjwa mpya, dozi moja tu ya miligramu 500. Wiki ya 16 asilimia 71 walikuwa karibu hawana dalili, dawa bandia 29. Sitaki nikudanganye, Wamarekani mwaka huohuo walijaribu kwa waliougua muda mrefu zaidi haikuonyesha tofauti, kwa hiyo inaelekea ni suala la kuwahi. Ila ndo swali la kumuuliza daktari wake, sio efgartigimodi.

MamaKidoti

Mdogo wangu mwanaMoro, mimi nina MG mwaka wa tisa huu, hayo ya mRNA nimewaachia nyie. Nikuulize, ana daftari? Kwenye hizo tafiti zote wanapimia kwa maswali manane, kuongea, kutafuna, kumeza, kupumua, kupiga mswaki au kuchana nywele, kuinuka kwenye kiti, kuona mbilimbili, kope kushuka. Kila swali sifuri mpaka tatu. Mi naandika kila Ijumaa jioni, daktari ana dakika kumi tu na mimi, nikimpa namba anabadilisha dozi, nikimwambia "naumwaumwa" ananiambia nipumzike.

Na akipata malaria au UTI mseme ana MG KABLA ya dripu. Mwaka wa pili wangu niliwekewa kwinini kwenye hospitali moja nisiyoitaja, usiku huohuo shingo haikushika kichwa, nikashindwa kumeza mate, siku nne ICU napumuliwa na mashine. Gentamaisini nayo, sipro, azithromaisini, magneziamu ya mshipani, zote ni za kuogopa. Nimeziandika kwenye kikaratasi nyuma ya kitambulisho cha NIDA.

Upasuaji nilifanya mwaka wa tatu. Kifua kiliniuma miezi miwili, nilikuwa nalala nimekaa. Nilishuka kutoka vidonge sita vya prednisoloni hadi kimoja lakini ilichukua mwaka na nusu, kwa hiyo akifanya leo asitegemee uso kupungua kabla ya harusi.

mwanaMoro82

Asanteni sana jamani, dada MamaKidoti, mdogo wangu nimemsomea yote uliyoandika akacheka pale kwenye kitambulisho. Kasema CT atafanya wiki ijayo, upasuaji baada ya harusi, na fundi wa gauni aambiwe aache nafasi. Tumepiga yale maswali manane hapahapa mezani, kapata 9. Kwenye kuchana nywele alitaka kujipa sifuri, mama akamwambia nani anakusuka wewe, akaandika mbili.

MamaKidoti

😂 Mama yenu aje kwangu Ijumaa.