Seli za kuotesha vinyweleo vipya: utafiti umefika wapi hasa?

Msusi58, Nakuru
Habari zenu. Wateja wengi wa saluni nywele za kando ya uso zimewaishia kwa kusukwa kwa kubana na kwa gundi ya wigi. Sasa kuna matangazo yanazunguka kwenye simu: unatolewa seli kisogoni, zinazalishwa maabara, unadungwa, vinyweleo vipya (vile vifuko vya ngozini vinavyotoa nywele) vinaota. Upandikizaji wa kawaida naujua, unahamisha kinyweleo kutoka nyuma kwenda mbele na idadi inabaki ileile. Hili la seli lina ukweli gani? Na ile ngozi iliyokwisha kuwa laini na kung'aa, haina hata kitundu, seli zingeifaa?

Otieno_Maabara, Kisumu
Dada, msingi wake ni wa kweli. Chini kabisa ya kinyweleo kuna kifundo cha seli kiitwacho papila, nacho ndicho kinachoiamrisha ngozi itengeneze unywele. Mwaka 1984 mtafiti Colin Jahoda na wenzake walikuza seli za papila ya sharubu za panya kwenye kisahani, wakazirudisha kwenye vinyweleo vilivyokatwa shina, nywele zikaota. Mwaka 1999 seli za ala ya kinyweleo (utando unaokizunguka) kutoka kichwani mwa mwanamume zilipandikizwa mkononi mwa mwanamke, na nywele zikaota hapo pia.

Kinachokwamisha ni kuzizalisha. Unakata kinyweleo chini ya hadubini, unapindua tunguu lake kwa sindano nyembamba mpaka papila ichomoze, unaikata kwenye kikonyo chake. Unaibandika kwenye kisahani kilichokwaruzwa kidogo ili ishike, unaiweka kwenye inkubeta ya nyuzi 37 yenye kabonidayoksaidi asilimia 5. Kisha usiiguse, maana ukitikisa kisahani siku za mwanzo papila inabanduka na kazi imeharibika. Seli huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima, kuanza kutambaa nje. Ala ikibaki imeng'ang'ania papila, seli zake za kawaida hukua kwa kasi na kuchukua nafasi ya zile unazozitaka. Halafu kila ukizigawa na kuzihamishia kisahani kipya, seli za papila za binadamu zinapoteza ile amri yake. Kwa macho ni nzima na zinagawanyika vizuri, lakini ukizipandikiza hazioteshi kitu.

Mwaka 2013 kundi la mtafiti Angela Christiano na Jahoda lilijaribu kuzining'iniza: kama seli 3,000 katika tone la mikrolita 10, kifuniko kinageuzwa juu chini, uzito wake wenyewe unazikusanya kuwa kidonge. Vidonge hivyo vikawekwa ndani ya ngozi ya govi la binadamu iliyopandikizwa kwa panya. Kati ya watu 7 waliotoa seli, za watu 5 ziliotesha nywele. Hata hivyo utendaji wa jeni uliopotea kwenye kisahani ulirudi kwa takriban asilimia 22 tu, na nywele zenyewe zilikuwa ndogo. Na kwa kuwa seli huchukua siku kadhaa hata kuanza kutambaa, mtu akizitoa asubuhi na kuzidunga jioni, hajazalisha chochote.

Ngozi_na_Nywele, Kakamega
Niongezee upande wa wagonjwa. Japani walidunga seli za kikombe cha ala, zile zinazoizunguka sehemu ya chini ya kinyweleo, kwa wanaume na wanawake wenye upara wa kurithi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kiwango cha chini, seli 300,000, ndicho kilichoonyesha nafuu ya maana baada ya miezi 6 na 9, kuliko viwango vikubwa zaidi. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo, na ilipimwa kwenye vichwa ambavyo bado vilikuwa na vinyweleo. Huo si ushahidi kuwa vipya vimeota mahali patupu.

Kwa ngozi inayong'aa mambo ni magumu zaidi. Hapo pana kovu, na seli shina (seli mama zinazozaa seli nyingine) zilizokuwa ubavuni mwa kinyweleo zimekufa. Papila peke yake haitoshi, inahitaji seli za ngozi ya juu zinazoweza kuitikia, mishipa ya damu, na uelekeo sahihi ili unywele usiote ukilalia ndani. Mwaka 2020 kundi la mtafiti Karl Koehler liliotesha ngozi nzima yenye nywele kutokana na seli shina, kwa miezi minne hadi mitano kwenye kisahani. Kazi nzuri mno, lakini kuifikisha kwenye kichwa cha mteja ni safari nyingine.

Msusi58, Nakuru
Asanteni sana. Na wale wanaovuta damu, wanaizungusha kwenye mashine na kuidunga kichwani siku hiyohiyo?

Ngozi_na_Nywele, Kakamega
Hizo ni chembe sahani za damu. Huenda zikasaidia vinyweleo vilivyonyong'onyea, haziundi kipya. Anayedai anadunga seli zilizokuzwa, muulize maabara iko wapi, zimehamishwa visahani mara ngapi, na aonyeshe kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu.

Dada, wewe ndiwe unayeliona tatizo kabla ya daktari. Ukikuta nywele fupi nyororo zimebaki kama pindo mbele ya sehemu iliyopukutika, na vitundu bado vinaonekana, acha kabisa kubana na gundi, umpeleke kwa daktari wa ngozi. Minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, huweza kusaidia hapo (asiwe mjamzito wala anayenyonyesha). Wiki za mwanzo nywele hupukutika zaidi, wengi wanaogopa na kuacha. Mwambie asihukumu kabla ya miezi minne hadi sita. Upungufu ukianzia utosini na kuwasha au kuchoma, hilo ni jambo jingine na halisubiri. Daktari atachukua kipande cha ngozi cha milimita 4 ukingoni, penye nywele bado, kwa sababu katikati ya kovu hakuna cha kusoma.