Dayodi mbili zinatosha kulinda SDR wakati natuma wati 100?

WimbiFupi
Habari wakuu. Nina transiva (redio ya kutuma na kupokea) ya HF, yaani masafa mafupi, ya wati 100 kwenye antena ya daipoli, sasa pembeni nataka niweke SDR (redio ya kupokea inayofanya kazi kwa kompyuta) na antena yake ya waya ili niwe naona bendi nzima kwenye skrini huku naongea. Antena zenyewe zimepishana kama mita 12 tu na nafasi ya kuzitenganisha zaidi sina. Maelezo ya hii SDR yanasema inputi isizidi +10 dBm (kipimo cha nguvu ya signo), basi. Kila nikiuliza naambiwa chukua dayodi mbili ndogo za 1N4148, moja iangalie huku nyingine kule, kutoka inputi kwenda athi, umemaliza. Wengine tena wanasema dayodi zinaharibu mapokezi. Lipi ni lipi? Na zitahimili kweli au zitaungua zenyewe kwanza halafu SDR ifuate?

Kilowati
Weka dayodi mkuu usiwaze sana. Ila zipange mbili mbili kila upande, yaani nne jumla, hapo zinachelewa kufunguka na stesheni kali hazikusumbui.

dBm_tu
Kilowati hapo sikubaliani nawe. +10 dBm kwenye omu 50 ni miliwati 10, yaani kilele cha volti 1 tu. Dayodi moja ya silikoni inaanza kukata kwenye 0.7 na ikisukumwa inapanda kukaribia 1, kwa hiyo moja moja tayari unapumulia mpakani, ukipanga mbili mbili SDR itaona 1.4 hadi 2 na hiyo imeshapita kiwango walichoandika. Kwa risiva za zamani zenye koili nene mbele sawa, kwa chipu hizi hapana.

WimbiFupi, kabla ya kununua chochote pima kwanza. Shusha transiva hadi wati 5, kwenye waya wa SDR funga tinySA (kipimo kidogo cha signo) ikiwa na atenueta, yaani kipunguza signo, ya dB 20 mbele yake (nayo ina kikomo cha +10 dBm, usije ukaiua katika kupima), tuma kwa sekunde chache kila bendi unayotumia halafu andika namba. Wati 100 ni dB 13 juu ya wati 5 kwa hiyo unajumlisha tu. Umbali peke yake haukwambii kitu, antena mbili zikilingana urefu na mwelekeo zinapitishiana signo vibaya hata ukiona ziko mbali.

WimbiFupi
Nimepima. Mbaya zaidi ni bendi ya mita 40, wati 5 inaleta +11 dBm nikishajumlisha ile 20 ya atenueta. Bendi za mita 80 na mita 20 ziko chini ya hapo. Kwa hiyo nikituma wati 100 ni +24?

dBm_tu
Ndiyo, +24 dBm, robo wati. Kilele cha volti 5 kwenye inputi ambayo inataka 1, bila kinga ungekuwa unaipiga kila ukibonyeza PTT (kitufe cha kutuma). Dayodi zenyewe zitahimili, ukiangalia antena kama chanzo cha omu 50 kilele cha mkondo kinakuja karibu miliampea 190 na wastani kwa kila dayodi uko kwenye 60 hivi, 1N4148 inabeba bila shida. Ingekuwa wati nzima ningekwambia uko ukingoni.

Kuhusu kuharibu mapokezi, ni kweli. Dayodi haisubiri 0.7 ndipo ifanye kazi, inaanza kuvujisha mapema, na usiku stesheni za mediamu wevu zikiwa kali zinachanganyika humo ndani unaanza kusikia watangazaji mahali ambapo hawapo. Dawa yake ni filta inayokata chini ya MHz 2 hivi, na iwekwe KABLA ya dayodi. Ukiiweka baada yake haisaidii kitu maana uchafu umeshatengenezwa.

MzeeWaWaya
Vijana mnahesabu vizuri lakini hakuna aliyemtajia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Dayodi ni za dharura, kazi ya kila siku mpe rilei inayoendeshwa na waya wa PTT: ukituma inakata antena na inputi ya SDR inapigwa athi. Ila ifunge kinyume na watu wengi wanavyofunga, yaani rilei ikiwa HAINA umeme SDR iwe imekatwa, ipate umeme ndipo iunganishe. Hapo hata ukisahau kuwasha saplai au fyuzi ikakatika, SDR iko salama. Dayodi ziache palepale kwa sababu rilei inachukua milisekunde kadhaa kugeuka na transiva haiisubiri, hasa ukiwa unatuma msimbo wa Morse kwa haraka.

Sisi tulikuwa tunaweka pia kibalbu kidogo cha miliampea 50 kwenye njia kabla ya dayodi. Kikiwa baridi kinakula dB kama 2, kwenye HF kelele ya hewani ni kubwa huzikosi hizo, mkondo ukipanda nyuzi inapata moto na ukinzani unapanda wenyewe.

Kilowati
Sawa dBm_tu, kwa hiyo +10 nimekuelewa, nne ni nyingi. Na ile mirija ya gesi ya volti 90 je? Naona watu wanaiweka wanasema inatosha.

MzeeWaWaya
Hiyo ni kazi nyingine. Mrija wa gesi unaamka kwenye volti 90 wakati SDR imeshakufa kwenye chache, huo ni wa kupunguza mishtuko mikubwa kutoka nje na unakaa pale waya unapoingia nyumbani, karibu na athi. Pamoja nao weka rezista ya kilo-omu 100 kutoka waya kwenda athi, umeme tuli wa upepo mkavu na mvua unashuka polepole badala ya kujaa. Radi ikipiga waya wenyewe hakuna kifaa cha kukuokoa, chomoa kebo ya koaksi uitoe nje ya chumba kabla mawingu hayajaanza kunguruma.

WimbiFupi
Asanteni sana, naenda na filta, dayodi moja moja, na rilei ya mzee. Swali la mwisho, hii SDR naitumia pia kusikiliza 433 MHz, kisanduku hicho hicho kitafaa?

dBm_tu
Hapana. Dayodi mbili za 1N4148 zinaweza kufika pikofaradi 8, kwa MHz 30 hiyo ni zaidi ya omu 600 huioni, kwa 433 ni kama omu 46, unakuwa umepoteza kama dB 1 ya signo. Na hiyo filta ya HF sijui itafanya nini huko juu. Tumia njia tofauti, au chukua dayodi za PIN zilizotengenezwa kwa kazi ya limita, yaani kuzuia signo isizidi kiwango.